Namna ya kutengeneza na kuuza michezo ya vita ya kimkakati bila kufilisika

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja au kikundi kidogo kinachotaka kuishi kwa kutengeneza michezo ya vita ya kompyuta: ile ya ramani, vikosi, ugavi na zamu, ambayo mchezaji anaweza kukesha akipanga shambulio moja. Michezo ya kufyatua risasi ina soko lake na kanuni zake, na haimo humu.

Soko la michezo hii ni dogo, na limekuwa dogo tangu mwanzo. Charles S. Roberts alipochapisha Tactics kwa pesa zake mwenyewe huko Marekani mwaka 1954, mchezo wa mezani wa ramani na vibao, aliuza nakala zipatazo 2,000 na kifedha akaishia karibu pale pale alipoanzia. Hata hivyo matokeo hayo yalimpa moyo wa kuanzisha Avalon Hill, kampuni iliyodumu hadi 1998 iliponunuliwa na Hasbro. Wateja wachache waliweza kuilisha kampuni kwa miongo minne kwa sababu wana tabia ambazo wateja wa michezo mingine hawana. Wako tayari kulipa bei kubwa. Wanakaa na mchezo mmoja kwa miaka. Na wengi wao wanakijua kipindi cha historia unachokishughulikia kuliko unavyokijua wewe.

Utawauzia watu hao hao mara nyingi, kwa muda mrefu. Hatua zote zinazofuata zinatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Hesabu wateja kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu

Tafuta michezo mitano iliyo karibu na wako: kipindi kile kile, ukubwa ule ule wa vikosi, ugumu ule ule. Usiweke mchezo uliovuma kuliko yote. Chukua ya katikati. Kwa kila mmoja, tazama idadi ya maoni ya wanunuzi kwenye Steam, duka kubwa la mtandaoni la michezo ya kompyuta. Watengenezaji wengi huzidisha idadi hiyo kwa namba fulani kati ya 20 na 60 ili kukisia nakala zilizouzwa. Ni makisio tu, na kwa michezo ya vita yana kasoro moja kubwa: wachezaji wengi wa zamani hununua moja kwa moja kwenye duka la mchapishaji, na hao hawaonekani huko. Bado ni bora kuliko kutohesabu kabisa.

Kisha peleka hesabu hadi mwisho. Tuseme mchezo wako utauza nakala 5,000 katika miaka yake ya kwanza. Bei ni dola 40, lakini vipindi vya punguzo vinashusha wastani hadi dola 25. Jumla ni dola 125,000. Toa asilimia 15 kwa ajili ya kodi ya mauzo na pesa wanazorudishiwa wanunuzi: zinabaki 106,250. Duka linachukua asilimia 30: zinabaki 74,375. Mchapishaji akichukua nusu, zinakufikia dola 37,000 na kidogo. Kama mlikuwa wawili mkafanya kazi miaka mitatu, kila mmoja amepata takriban dola 6,200 kwa mwaka, kabla ya kumlipa mchora ramani, mtunzi wa muziki na mwanasheria.

Namba hizo ni za mfano, weka zako. Lakini ifanye hesabu hiyo kwa ukamilifu, usiishie kwenye bei mara idadi ya nakala. Na kama unaishi nje ya Marekani, ongeza mstari mmoja ambao watu wengi huusahau: kodi ya zuio ya Marekani inaweza kufika asilimia 30 ya mapato yako kutoka kwa wanunuzi wa huko, isipokuwa nchi yako ina mkataba wa kodi na Marekani unaoipunguza. Jua hali ya nchi yako kabla ya kusaini chochote.

Hesabu ikikataa, una njia nne: punguza muda, punguza watu, pandisha bei, au tumia kazi ile ile kwa michezo kadhaa. Njia ya tano ni kutumaini kwamba wateja watakuwa wengi kuliko ilivyokuwa kwa wenzako, na hiyo haimo mikononi mwako.

Hatua ya 2: Chagua vita, na uamue mchezaji atafanya nini ndani yake

Vita maarufu vina washindani wengi, lakini pia ndivyo vinavyouza. Usivikimbie kwa sababu tu vimeshughulikiwa. Mwaka 2010 2by3 Games walitoa War in the East, mchezo unaobeba uwanja mzima wa mashariki wa Vita vya Pili vya Dunia, zamu moja kwa kila juma, na kitabu cha maelekezo chenye mamia ya kurasa. Mwaka uliofuata timu ndogo ya 2x2 Games kutoka Kroatia ikatoa Unity of Command, unaohusu kampeni ya Stalingrad katika uwanja huo huo. Wao walichukua jambo moja, ugavi, wakalifanya kiini cha mchezo: kikosi kilichokatiwa njia ya ugavi hakifai kitu, basi unapigania barabara na reli. Michezo yote miwili ilipata wapenzi wake na yote miwili ilizaa matoleo ya pili. Haikugongana, kwa sababu mchezaji alikuwa akifanya maamuzi tofauti kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika orodha ya vikosi, andika sentensi moja inayosema mchezaji wako ataumiza kichwa juu ya nini. Kama sentensi hiyo inafanana na ya mchezo uliopo, huna bidhaa bado.

Ushauri wangu kwa mchezo wa kwanza: vita vinavyojulikana, kwa pembe isiyozoeleka. Ile vita adimu unayoipenda tangu utotoni iache iwe mchezo wa tatu, utakapokuwa na injini (programu ya msingi inayoendesha mchezo) iliyokwisha kulipiwa na wateja wanaokuamini. Vita adimu vina mashabiki wenye mapenzi makubwa, lakini utafiti wake ni ghali, nyaraka ziko katika lugha usizozisoma, na mnunuzi asiyelijua jina la vita hivyo hatafungua hata ukurasa wako.

Angalia na sheria. Ujerumani inazuia alama za Kinazi. Hadi Agosti 2018 chombo cha kupanga umri wa michezo huko, USK, hakikuikubali michezo yenye alama hizo, na tangu hapo huamua kwa kila mchezo kulingana na matumizi yake ya kisanaa au kihistoria. Njia nafuu ni kuziweka bendera na alama kwenye faili zinazobadilishika, ili toleo la nchi moja lisikulazimishe kuugusa mchezo wote. China iliupiga marufuku Hearts of Iron mwaka 2004 kwa sababu ya jinsi ramani ilivyoonyesha Tibet, Manchuria na maeneo mengine. Na vita vya karibuni vina uzito mwingine: Six Days in Fallujah, mchezo kuhusu vita vya Iraq, ulitangazwa mwaka 2009, mchapishaji wake Konami akajitoa baada ya kelele za umma, na mchezo haukuanza kuuzwa hadi 2023. Watu waliopoteza ndugu katika vita hivyo wako hai. Ukichagua uwanja huo, uwe na mtaji wa kuvumilia kuchelewa na uwe na sababu ya dhati ya kuusimulia.

Hatua ya 3: Jenga injini itakayobeba michezo mingi

Hapa ndipo biashara hii inapopona au kufa. Ukijenga mchezo mmoja kwa miaka mitatu, mauzo ya mchezo mmoja yanapaswa kulipa miaka mitatu. Ukijenga injini kwa miaka mitatu kisha ukatoa mchezo mpya kila baada ya miezi minane kwa ramani na vikosi vipya, kila mchezo unabeba sehemu tu ya mzigo. Mtengenezaji John Tiller aliujua ukweli huu vizuri. Mfululizo wake wa Panzer Campaigns ulianza mwaka 1999 na Smolensk '41, kisha mapigano mengine mengi yakafuata kwa mfumo ule ule, na kanuni ambazo mchezaji alishazijua. Wateja walilalamikia michoro, wakanunua. Combat Mission ya Battlefront ilikwenda njia ya moduli: unanunua mchezo wa msingi, halafu unaongeza majeshi na maeneo.

Kivitendo, hili linadai nidhamu tangu siku ya kwanza. Sifa za vikosi, aina za ardhi, hali ya hewa, majina na maandishi yote yakae kwenye faili za data nje ya programu. Kifaa cha kuhariri ramani na mapigano kitengenezwe mapema, na wewe mwenyewe ukitumie kutengeneza mapigano yako. Kama kinakuchosha wewe, kitamshinda mteja. Ukimpa mteja kifaa hicho, atatengeneza mapigano ambayo hukuyawaza na kuuongezea mchezo umri bila wewe kulipa.

Mpinzani wa kompyuta ndiye anayekula muda kuliko kitu chochote. Watengenezaji huandika kanuni nzuri za kuvuka mito, za ari ya askari, za amri zinazochelewa, kisha mwaka wa mwisho wanaanza kuifundisha kompyuta kuzitumia. Inashindikana. Andika mpinzani pamoja na kanuni, kanuni kwa kanuni. Kanuni ambayo kompyuta haiwezi kuitumia walau kwa kiwango cha mchezaji wa kawaida, iondoe, hata kama ni sahihi kihistoria. Najua inauma. Lakini wanunuzi wengi hucheza peke yao, na mnunuzi akishagundua kwamba adui anaacha ubavu wazi kila mara, mchezo umekwisha kwake. Wakati huo huo weka uwezo wa watu wawili kucheza kwa kutumiana zamu. Ni kazi ndogo ukiifikiria mapema, na wanaocheza hivyo ndio wanaobaki miaka kumi.

Je, utumie injini ya wengine au uandike yako? Ya wengine inakuokolea mwaka mzima wa kazi ya michoro, sauti na vifaa. Hatari yake ilionekana Septemba 2023, kampuni ya injini ya Unity ilipotangaza ada inayohesabiwa kwa idadi ya mara mchezo unavyowekwa kwenye kompyuta za watu. Kelele zilikuwa kubwa na ada hiyo ikafutwa kabisa Septemba 2024, lakini kwa mwaka mzima watu walikuwa wakipiga hesabu upya katikati ya miradi. Mchezo wa vita unaishi muda mrefu kuliko masharti ya kampuni yoyote: War in the Pacific: Admiral's Edition ulitoka 2009 na bado kuna watu wanaoucheza. Basi tumia injini ya wengine kwa kile kinachoonekana tu, na kanuni, mapigano na mpinzani wa kompyuta uziandike kama sehemu inayojitegemea unayoweza kuihamisha.

Hatua ya 4: Pata mtaji bila kugeuza wateja kuwa wadai

SPI, kampuni ya michezo ya vita ya mezani ya Jim Dunnigan iliyoanza 1969, ilikuwa na wazo zuri ajabu: jarida la Strategy & Tactics lenye mchezo kamili ndani ya kila toleo. Wasomaji walilipa mapema, kampuni ikapata fedha taslimu. Lakini fedha ya usajili ni deni hadi uwe umepeleka toleo la mwisho ulilolipwa. SPI ilipobanwa na fedha ilikopa kwa TSR, kampuni nyingine ya michezo, na mwaka 1982 TSR ikadai mkopo na kuichukua mali yake. TSR ikakataa kuwapa wasajiliwa matoleo waliyokwisha kuyalipia. Wateja waliopoteza pesa zao hawakusahau, na jarida lenyewe halikupata tena nguvu yake ya zamani chini ya TSR.

Mfano wa kuiga ni GMT Games, wachapishaji wa michezo ya vita ya mezani. Tangu miaka ya 1990 mfumo wao uitwao P500 umekuwa ukifanya kazi hivi: mchezo unatangazwa, wateja wanaweka oda kwa bei ya chini, na oda zikifika 500 mchezo unaingia kwenye foleni ya kuchapwa. Kadi ya mteja haikatwi hadi mchezo ukaribie kusafirishwa. Kampuni inajua nani anataka nini kabla ya kulipa mchapaji, na mchezo usiotakiwa unakufa ukiwa bado wazo. Michezo ya kompyuta haina gharama ya uchapaji, lakini kanuni hiyo inafaa: pima nia ya watu kabla ya kutumia, na usichukue pesa kabla kazi haijakaribia kumalizika.

Kuchangisha pesa kwa watu kupitia jukwaa la Kickstarter kunakubalika ukiwa tayari na mchezo unaochezeka na pesa unazoomba ni za michoro na sauti. Jukwaa hilo linachukua asilimia 5, juu yake kuna gharama za malipo. Kuuza mchezo ambao haujakamilika nako kuna nafasi yake, kwa sharti moja: kanuni za msingi ziwe zimesimama. Wachezaji hawa wanasoma kila mabadiliko ya kanuni. Wakijifunza mfumo wa mapigano na ukaubadilisha mara tatu, utakuwa umewatumia wateja wako bora kama wajaribu wasiolipwa.

Na kama una kazi nyingine inayokulipa, usiiache kwa ajili ya mchezo wa kwanza. Michezo mingi mizuri ya aina hii imetengenezwa jioni.

Hatua ya 5: Amua kuhusu mchapishaji

Mchapishaji mwenye jina katika soko hili, kama Matrix Games na Slitherine waliounganisha nguvu mwaka 2010, ana kitu ambacho huwezi kukijenga kwa mwaka mmoja: orodha ya watu ambao tayari wananunua michezo ya vita. Swali la kifedha ni rahisi. Akichukua nusu ya mapato, lazima auze mara mbili ya nakala ambazo ungeuza peke yako ndipo mlingane. Kwa mtu asiyejulikana, mara nyingi anaweza. Kwa mtengenezaji ambaye tayari ana wafuasi, hesabu inabadilika, na ndiyo maana wengine huchapisha mchezo wa kwanza na mtu kisha wa tatu peke yao.

Soma mkataba ukitafuta mambo haya. Jina la mchezo na msimbo (maandishi ya programu) vibaki vyako. Mchapishaji apewe haki ya kuuza tu, kwa muda unaotajwa. Haki zirudi kwako asipofikia mauzo fulani au akiacha kuuza. Punguzo kubwa kuliko kiwango mlichokubaliana lisifanywe bila idhini yako. Taarifa za mauzo zije kwa kila duka na kila mwezi. Ijulikane ni gharama zipi zinakatwa kabla ya kugawana, kwa sababu asilimia 50 ya mapato na asilimia 50 ya kile kinachobaki baada ya gharama ni vitu viwili tofauti. Na tarehe ya kutoa mchezo isimfunge mtu kuuza kitu kibovu. Combat Mission: Shock Force ulitoka 2007 ukiwa na hitilafu nyingi, masasisho yaliurekebisha ukawa mchezo mzuri, lakini sifa ya majuma ya kwanza iliufuata kwa muda mrefu.

Jambo la mzunguko wa fedha: Steam hulipa mauzo ya mwezi mmoja ndani ya mwezi unaofuata. Mchapishaji akikaa katikati na kulipa kwa robo mwaka, mauzo ya siku ya kwanza yanaweza kukufikia miezi mingi baadaye. Uwe na akiba ya kula kwa kipindi hicho.

Hatua ya 6: Weka bei ya juu na uilinde

Hofu huwafanya watengenezaji wapya waweke bei ya dola 15. Katika soko la wateja wachache hilo ni kosa kubwa. Mtu anayetaka mchezo wa vita vya Napoleon wenye kampeni nzima ya 1813 hatafuti mchezo wa bei rahisi. Anatafuta huo, na wauzaji ni wawili au watatu duniani. Ukipunguza bei nusu hutapata wanunuzi mara mbili, kwa sababu hao wengine hawapo.

Punguzo lina kazi yake, lakini liende polepole. Mwaka wa kwanza usizidi asilimia 20 hadi 25. Steam huwatumia barua pepe watu walioweka mchezo kwenye orodha yao ya matamanio punguzo linapofika asilimia 20, kwa hiyo hakuna haja ya kuruka hadi nusu bei. Mnunuzi wa siku ya kwanza akiona mchezo umeshuka nusu baada ya miezi minne, mchezo wako unaofuata atausubiri punguzo. Na yeye ndiye uliyemtegemea.

Hatua ya 7: Zishughulikie saa mbili za kwanza

Tangu 2015 Steam humrudishia mnunuzi pesa zake akiomba ndani ya siku 14 tangu aununue mchezo na akiwa ameucheza chini ya saa mbili. Kwa mchezo wa mbio za magari saa mbili zinatosha kujua. Kwa mchezo wa vita, saa mbili mtu anaweza kuwa bado anasoma maelezo ya aina za mizinga. Ndiyo maana saa hizo zinahitaji kazi ya pekee.

Weka pigano dogo, vikosi visivyozidi kumi kila upande, linaloweza kumalizika kwa dakika arobaini na ambalo mchezaji anaweza kushinda kwa akili yake. Mfundishe jambo moja kwa zamu moja. Jambo lile uliloliandika kwenye sentensi ya Hatua ya 2 alihisi ndani ya nusu saa: kama mchezo wako unahusu ugavi, basi katika zamu ya tatu amwone adui akinyauka kwa kukatiwa barabara. Kampeni kubwa aione, ajue ipo, lakini asianze nayo. Kitabu cha maelekezo kiwekwe kwenye ukurasa wa duka, kisomwe bure kabla ya kununua. Atakayeogopa kurasa 200 atajiondoa mwenyewe bila kukuachia maoni mabaya, na mpenzi wa kweli atavutiwa nazo.

Hatua ya 8: Wape wataalamu kazi kabla ya kutoa

Mteja atakayegundua kwamba kikosi fulani hakikuwa Kharkov mwezi ule yuko tayari mahali fulani. Mtafute mapema. Chagua wajaribu wachache kutoka miongoni mwa wachezaji wanaoandika kwa kina, wape muundo wa vikosi na ramani kwanza, kabla hata mchezo haujachezeka vizuri. Taja vyanzo vyako vya kihistoria kwenye kitabu cha maelekezo. Ukikosolewa kwa ushahidi, rekebisha na mshukuru mtu kwa jina lake akiridhia. Ukikosolewa bila ushahidi, eleza sababu mara moja kisha endelea na kazi.

Simulizi za mapigano zilizoandikwa na wajaribu, zamu kwa zamu zenye picha, zinauza michezo hii kuliko video ya dakika moja yenye milipuko. Anza kuzitoa miezi sita kabla.

Hatua ya 9: Toa mchezo

Steam hutoza dola 100 kwa kila mchezo, na hukurudishia mchezo ukiingiza dola 1,000. Mtu mpya husubiri siku 30 baada ya kulipa, na ukurasa lazima uonekane hadharani walau majuma mawili kabla. Hayo ni ya chini kabisa; ufungue ukurasa mwaka mmoja kabla ikiwezekana, maana orodha ya matamanio inajazwa polepole. Toleo la majaribio lipeleke kwenye Next Fest, tamasha la Steam la michezo ya majaribio, likiwa limeshatulia. Waombe wanunuzi wako waandike maoni: alama ya jumla haionekani hadi yafike 10, na kwa mchezo mdogo kumi hayo yanaweza kukawia.

Usitoe mchezo kisha ukaenda mapumziko. Tenga miezi mitatu ya kurekebisha, ikiwa imekwisha kulipiwa ndani ya bajeti.

Hatua ya 10: Ishi na michezo ya zamani, na upime pesa za jeshi

Mchezo wenye miaka sita bado ni bidhaa hapa. Kila injini inapoboreshwa, peleka maboresho kwenye michezo ya nyuma. Unaweza kutoza ada ndogo kwa maboresho makubwa, na wateja wengi watalipa bila manung'uniko kama masahihisho ya hitilafu yanabaki bure. Nyongeza iuzwe ikiwa na vita kamili ndani yake. Kuuza bendera na rangi za mizinga kwa watu hawa kunawavunjia heshima.

Majeshi nayo hununua. Command, mchezo wa WarfareSims, ilianza kuuzwa kwa umma 2013 na ina toleo la kitaalamu linalotumiwa na vyombo vya ulinzi. Steel Beasts ya eSim Games, mwigo wa vifaru, imefuata njia hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkataba mmoja wa namna hiyo unaweza kuzidi mauzo ya mwaka mzima. Lakini manunuzi ya serikali yanachukua muda mrefu, yanadai usalama wa data na nyaraka usizozizoea, na mteja mmoja huyo akifikia nusu ya mapato yako, yeye ndiye anayeamua utatengeneza nini. Matoleo mawili ya programu yakianza kutofautiana, toleo la umma ndilo huachwa nyuma. Kubali kazi hiyo kama msingi wa programu utabaki mmoja, na kama dhamiri yako inakuruhusu kujua mchezo wako unatumika kufundishia nini.

Hatua ya 11: Jiandae kwa siku ambayo wewe hutakuwepo

Kampuni nyingi za aina hii ni kichwa cha mtu mmoja. John Tiller alifariki 2021, na michezo yake inaendelea kuuzwa na kuboreshwa kwa sababu Wargame Design Studio, watu waliokuwa wakifanya kazi naye, waliichukua. Kuna michezo mingine mizuri ambayo haiwezi tena kuwashwa kwenye kompyuta za leo kwa sababu hakuna aliyebaki na msimbo.

Weka nakala ya msimbo, michoro na zana zote mahali pawili, na moja iwe nje ya nchi unayoishi. Graviteam, watengenezaji wa Mius-Front, wako Kharkiv, mji ulioanza kupigwa makombora Februari 2022. Watu wanaotengeneza michezo ya vita nao wanaishi duniani humu humu. Andika hati inayoeleza jinsi ya kujenga mchezo kutoka kwenye msimbo hadi faili ya kuuzwa, kisha mpe mtu mwingine aifuate bila msaada wako. Taja kwa maandishi ya kisheria nani atarithi haki za michezo na nani atapokea mapato. Nywila za akaunti za maduka zijulikane na mtu wa pili. Mkataba na mchapishaji useme nini kitatokea kwa mirabaha usipoweza kufanya kazi. Kazi hii inachukua siku chache, na iingie kwenye kalenda kabla ya tarehe ya kutoa mchezo wa kwanza.